Taa za dagaa kutoka China: nilivyorudishiwa nusu ya hela kupitia PayPal

Kama unaagiza China na mzigo wako unapitia kwa wakala wa kontena, hii inakuhusu. Nina duka la vifaa vya sola karibu na soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na wateja wangu wakubwa ni wavuvi wa dagaa. Karabai wengi wameziacha, wanataka taa za LED zenye betri, ziwake mpaka alfajiri.

Niliziagiza kwenye soko moja la mtandaoni, jina naliacha. Tangazo lilisema kila taa ina betri nne za lithiamu. Mzigo ukapokelewa ghala la wakala Guangzhou, ukapanda meli mpaka Dar, ukaja Mwanza kwa lori. Ukafika wakati mzuri, giza linaanza (mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa), nikauza haraka. Zikaanza kurudi. "Bosi, hii imetuzimia saa saba, tupo katikati ya maji." Fundi akafungua moja: nafasi nne, betri mbili. Kwenye nafasi mbili tupu wamebandika sponji ili ukiitikisa isigonge. Sponji ndiyo iliyoniudhi. Mtu aliyesahau betri hakumbuki kuweka sponji.

Kule sokoni muda wa kulalamika ulishapita. Kwao mzigo "umefika" siku ile ghala la Guangzhou lilipoupokea, wewe hata boksi hujaliona. Kilichoniokoa ni kwamba nililipa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, na wao wanakupa siku 180 kuanzia siku ya malipo. Meli ikichelewa bado una nafasi.

Nikafungua lalamiko kwamba bidhaa haifanani na maelezo. Nikaweka picha ya tangazo na video ya fundi akifungua taa mpya kutoka kwenye boksi, kuanzia skrubu ya kwanza, bila kukata. Kiingereza changu cha dukani kilitosha: umetangaza nne, umeleta mbili.

Muuzaji alikuja kwa upole wa ajabu. Rafiki, funga lalamiko kwanza, oda ijayo nakuongezea taa za bure. Hapo usithubutu, maana lalamiko ukishalifunga halifunguliwi tena. Alipoona sifungi, akaanza kuvuta muda: leo anataka picha ya boksi, siku nyingine namba iliyoandikwa kwenye taa, kila jibu linakuja baada ya siku kadhaa. Anajua anachofanya. Tangu ufungue lalamiko una siku 20 za kulipandisha liwe dai, ili PayPal wenyewe waamue. Zikipita linajifunga. Nikalipandisha.

Akabadilika, eti nirudishe mzigo. Gharama ya kurudisha inamwangukia mnunuzi, na betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege. Nikapiga hesabu, nauli inakaribia bei ya taa zenyewe. Nikamwandikia: nirudishie nusu, taa zibaki kwangu. Akakubali. Dola zikarudi kwenye kadi, zikabadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo, kwa hiyo kwa shilingi haikuwa nusu kamili.

Jirani yangu alisema ningeenda serikalini. Tume ya Ushindani tunayo, kwa sheria ya 2003, lakini muuzaji asiye na ofisi wala wakala nchini utamshikia wapi? Ipo pia tovuti ya econsumer.gov inayopokea malalamiko ya biashara za kuvuka mipaka. Inakusanya taarifa kwa ajili ya wadhibiti wa nchi mbalimbali, hela hairudishi. Nilijaza hivyo hivyo, kwa hasira.

PayPal nawapa nyota nne, muuzaji sifuri. Wavuvi waliorudisha taa niliwapa hela yao. Zilizobaki fundi kaziongezea betri mbili mbili, na mteja namfungulia aone ndani kabla hajalipa.