Fundi wa Langoni aliyenifufulia Windows 7

Laptopu yangu ya ramu GB 2 inachapa barua za watu hapa Lamu tangu mwanangu yuko chekechea. Sasa ana ndevu. Mafundi wawili waliniambia niitupe. Huyu wa Langoni aliifungua kwanza. Vumbi lilishikana kwenye feni kama pamba ya godoro, na skurubu zote zina kutu, si unajua chumvi ya huku. Akasugua kwa mswaki na spiriti, akatoa diski ya zamani akatia SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ramu ikawa GB 4. Windows 7 aliiacha, maana printa yangu haina draiva ya Windows mpya. Zamani nikiiwasha naenda kuteleka chai. Sasa sijavuta kiti imeshawaka.

Kwenye Windows 7, kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109, kwa hiyo akaniwekea kingine, Firefox ESR 115. Akanionya: Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 Januari 2020, mambo ya benki nifanyie kwenye simu.

Nililipa shilingi 6,500, sikunung'unika. Ila "njoo kesho, mama" niliisikia mara tatu, na skurubu moja hakuirudisha. Nimebandika selotepu.