Uzoefu wangu: kitako cha darubini na nati iliyoninyima usingizi

Darubini yangu ilifika Dodoma kwa basi, Ijumaa moja ya mwezi wa saba. Ni ya kuweka mezani, ina kioo cha milimita 150, mota mbili na rimoti ya kutafutia nyota. Mwili wake umeshaungwa kiwandani. Unachoachiwa wewe ni kitako: bamba la chini lenye miguu mitatu, bamba la juu la duara, mkono mmoja wa kushikilia darubini, na kimfuko cha skrubu. Nilizihesabu, moja ya mguu haikuwepo. Nikamwandikia muuzaji, akajibu, "Tuma picha." Picha ya kitu ambacho hakipo! Nikaenda zangu duka la vifaa vya ujenzi, nikapata inayofanana nayo.

Mbao zake ni zile za chenga zilizogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Skrubu zinakazwa kwa alenki, kale kachuma kaliopinda kama herufi L, na nakusihi usiingize drili hapo. Mimi niliiingiza. Skrubu ya pili ya mkono ilizunguka bure, chenga zikamwagika kama unga wa sembe, tundu likawa halishiki tena. Nililiokoa kwa njiti mbili za kiberiti nilizozipaka gundi na kuzisokomeza ndani, nikasubiri hadi kesho yake.

Hayo yote yalikuwa madogo. Shughuli yenyewe iko katikati. Mabamba mawili yanaunganishwa na bolti moja, na kati yao kuna vipande vitatu vya tefloni, plastiki yenye utelezi, ambavyo bamba la juu linateleza juu yake. Chini ya bolti kuna wosha, kisha nati yenye pete ya nailoni ndani ili isijilegeze. Karatasi ya maelekezo inaonyesha mshale na spana, basi. Ukaze kiasi gani, hawasemi.

Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Usiku nikawasha, mota ikakoroma, darubini ikasogea kidogo, ikasimama, ikaruka. Klachi, kile kiungo kati ya mota na bamba, ilikuwa inateleza. Kumbe kompyuta yake inahesabu mizunguko ya mota, haijui kama mbao zimezunguka au la. Rimoti iliamini darubini imegeuka nyuzi 40 wakati haijafika hata 30. Nikalegeza. Sasa ikazunguka laini, lakini ukigusa mkono kitu kizima kinayumba kama kigoda kibovu, na nyota inatoka nje ya lenzi kila nikigusa kitufe. Siku mbili nilikuwa naitukana programu.

Aliyenisaidia ni jirani yangu fundi seremala, ambaye hajawahi kutazama darubini maishani. Aliupinda mgongo, akalisukuma bamba kwa kidole kimoja, akasema, "Mwalimu, umekaza kama kitanda. Kitanda kinatakiwa kitulie. Hiki si kinazunguka?" Akaikaza nati mpaka ikagoma, akairudisha nyuma kidogo sana, kama upana wa ukucha, akashika mkono wa kitako na kuutikisa. Hauchezi. Akasukuma tena kwa kidole: linakwenda bila kukwama. Dakika nne.

Kuna kosa jingine, hilo la kwangu mwenyewe. Rimoti inataka latitudo, longitudo, tarehe na saa. Dodoma ni kama nyuzi 6 na dakika 10 kusini, 35 na dakika 44 mashariki, na kwenye saa za dunia tunaweka +3. Tarehe inaanza na mwezi, si siku. Yote hayo nikayaweka sawa. Ilikuwa saa mbili na robo usiku, nami kwa mazoea nikaandika 02:15. Nikachagua Antares, ile nyota nyekundu ya kwenye kundi la Nge iliyokuwa juu upande wa mashariki, darubini ikageukia magharibi na kuinama juu ya mabati ya jirani. Ilikuwa inatii: saa nane usiku Antares ingekuwa kule kweli. Andika 20:15.

Meza ya plastiki usiifikirie. Mimi natumia msingi wa matofali niliojengea simtanki ambalo bado sijalinunua. Nauweka sawa kwa pima maji, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hauutikisi. Betri nane ndogo ziliisha mapema mno, nikahamia betri ya pikipiki ya volti 12. Ukifanya hivyo hakikisha chanya iko ncha ya katikati ya plagi kabla hujachomeka.

Tangu hapo nikishaiweka sawa kwa kuilenga Antares na nyota nyingine angavu, Rigil Kentaurus, nikiagiza Omega Centauri inaingia yenyewe ndani ya lenzi ya kutazamia ya milimita 25, kundi la nyota zisizohesabika. Penye udhaifu ni utosini. Kundi la nyota liitwalo M11 huku kwetu linapita karibu kabisa juu ya kichwa, na kwa mwezi wa saba ni kama saa sita usiku. Likikaribia pale, kitako kinalazimika kuzunguka haraka sana ili kulifuata, na hakiwezi. Si ubovu, ndivyo vitako vya namna hii vilivyo. Lisubiri lishuke kidogo.

Vumbi linaingia kati ya mabamba, kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa nafungua na kufuta tefloni kwa kitambaa kikavu. Kabla ya kufungua mara ya kwanza nilichora mstari mmoja kwenye nati na bamba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ili nikirudisha nijue ukucha wa fundi uliishia wapi.