Saa 24 na Holter kifuani: uzoefu wangu Moshi

Nianze na karatasi yenyewe, maana ndiyo iliyoninyima usingizi wiki mbili. Ni karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ile ya viboksi vidogovidogo. Nilipimwa kwenye zahanati moja ya binafsi hapa Moshi mjini baada ya moyo kuanza kunirukaruka usiku. Juu kabisa mashine ilikuwa imechapa kwa herufi kubwa kwamba kipimo si cha kawaida, na kwamba huenda msuli wa moyo uliwahi kupata mshtuko siku za nyuma. Aliyenipima akaniambia, "Mwalimu, hii kamwoneshe bingwa," akaita jina la anayefuata. Sh 20,000, dakika tano, kwaheri.

Nina miaka 38. Nyumbani mama akasema ni presha (kwake kila kitu ni presha), jirani akasema ni mawazo, na mimi nikaanza kujishika shingo kila baada ya robo saa nihesabu mapigo. Usijaribu. Moyo ukijua unahesabiwa ndiyo kwanza unakwenda mbio.

Huduma ninayoisifia ni ya pili, kliniki ya moyo ya hospitali nyingine. Daktari alikuwa mama wa makamo, na karatasi yangu hakuigusa kwanza. Aliuliza: umewahi kuzimia? Kifua kinabana ukipanda mlima kwenda kwenu Marangu? Kwenye ukoo kuna aliyeanguka akafa ghafla angali kijana? Nikajibu hapana mara tatu. Akasema ningejibu ndiyo hata kwa moja, tusingekuwa tunaongea kwa utulivu ule. Ndipo akaikunjua karatasi, akatulia, akacheka.

"Baba, tazama mstari huu wa kwanza. Mawimbi yote yamepinduka, hata hili dogo la mwanzo. Ama moyo wako uko upande wa kulia, ama waya za mikono zilibadilishana."

Mistari ya vibandiko vya kifuani ilikuwa safi, kwa hiyo moyo uko ulipowekwa na Mungu. Akanipima upya palepale, waya ya kulia kulia na ya kushoto kushoto, na ule mshtuko wa zamani haukuonekana tena. Mashine husoma umbo la mawimbi tu, haijui nani kaweka waya wapi. Aisee, nilikasirika kuliko nilivyofurahi.

Hata hivyo moyo ulikuwa unaruka kweli, na ECG ya kawaida hunasa sekunde 10 hivi tu. Kama hauruki ndani ya sekunde hizo, karatasi itatoka safi. Kwa hiyo nikavalishwa Holter, kifaa cha kurekodi mapigo mfululizo kwa saa 24, kwa Sh 120,000 kutoka mfukoni. Kijana wa maabara alininyoa kifua vipande vipande kama shamba lililolimwa na walevi, akabandika vibandiko, akaning'iniza kifaa shingoni chenye ukubwa kama wa simu ya vitufe. Masharti: usioge, usivue, ishi kama siku zote. Kutooga Moshi mwezi wa pili, na jua lile, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Shuleni mwenzangu mmoja alichungulia waya kwenye kola akaniuliza kama TAKUKURU wamenituma.

Unapewa na karatasi ya kuandika kila unachohisi na saa yake. Hapa sikilizeni vizuri. Kifaa kinatumia saa za kimataifa, mimi nikaandika saa zetu. Niliandika "4:15, nimelalia ubavu wa kushoto, moyo umeruka mara tatu". Wao wakaenda kutafuta saa 10 na robo alfajiri, hawakuona kitu, mpaka daktari aliponiuliza, "Hii 4:15 yako ni ya wapi?" Akarudi kwenye 22:15, na mapigo matatu yale hayo hapo, yamesimama nje ya mstari kama wanafunzi waliochelewa paredi.

Majibu: mapigo 104,000 na ushee kwa siku nzima, ya ziada 412. Haifiki hata asilimia moja. Yalikuja mojamoja, hayakufuatana. Alinieleza kwamba pigo la ziada huja kabla ya wakati wake, halafu moyo unasita kidogo, unajaa damu zaidi, na pigo linalofuata ndilo linalopiga kile kishindo. Kumbe nilichokuwa nakihisi ni moyo ukirudi kwenye mstari! Kuna namba moja ilinishtua, mapigo 47 kwa dakika saa 9 usiku. Akasema hapo ulikuwa umelala, ulitaka ukimbie? Ya juu ilikuwa 138, nilipokimbilia daladala ya Kiboriloni.

Ultrasaundi ya moyo nayo nilifanya, nguvu ya kusukuma damu asilimia 62, yaani kawaida. Damu, potasiamu na homoni za tezi ya shingo, salama. Sikupewa dawa. Nilipewa swali: unakunywa kahawa vikombe vingapi ukisahihisha mitihani? Nikataja viwili. Akanitazama. Nikasema vitano. Sasa ni kimoja, cha asubuhi, na moyo bado unaruka mara mojamoja, hasa nikilala kushoto.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu majibu ya Holter yalichukua siku tisa, na kila nikipiga simu naambiwa msomaji ni mmoja. Na wangenyoa kifua chote kuliko viraka. Vinyweleo vinavyoota vinawasha kuliko moyo ulivyowahi kunisumbua.