R ni programu kali sana, ila maonyo yake ndo mtihani wenyewe

Kila mtu anayeuliza kama ajifunze R, lugha ya programu ya kuchambua data na takwimu, anajibiwa "ndio jifunze" halafu anaachwa hapo hapo, na wiki inayofuata unamkuta kakaa mbele ya konsoli (dirisha la kuandikia amri) yenye maandishi mekundu, hajui kama kazi yake imekamilika au imeharibika. Kwa hiyo leo sitasifia grafu wala pakeji (vifurushi vya nyongeza), hizo zimeshasifiwa vya kutosha. Natathmini kitu kimoja tu ndani ya R ambacho kwa maoni yangu ndo kinaamua kama utaipenda au utaifuta, yale maonyo yake.

Ya msingi kwa kifupi: ni bure, walioianzisha ni Ross Ihaka na Robert Gentleman wakiwa Chuo Kikuu cha Auckland kule New Zealand mwanzoni mwa miaka ya 1990, toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000, na pakeji zake ziko maelfu kwenye CRAN, ghala lake rasmi la mtandaoni. Kwenye hayo sina ugomvi nayo kabisa. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima inatokana na haya yafuatayo.

Kwanza rangi. R ina vitu vitatu tofauti: hitilafu inayosimamisha kazi, onyo linalokwambia "nimefanya ila angalia vizuri", na ujumbe wa kawaida tu wa kukupa taarifa. Sasa kwenye RStudio, programu ambayo wengi wanaandikia R, hasa matoleo yake ya zamani, vyote vitatu mara nyingi unavikuta vimevaa rangi moja, nyekundu, we mgeni unaita dplyr (pakeji ya kupanga na kuchuja data) kwa mara ya kwanza inakuletea mistari mizima kwamba fankisheni (amri) fulani zimefunikwa na zingine, moyo unaenda mbio, kumbe hamna tatizo lolote, hiyo ni taarifa. Baada ya kutishwa bure mara kadhaa unaacha kusoma kitu chochote chekundu, na hapo ndo unapoanza kuumia maana lile moja la maana litapita umeshalizoea.

Pili, na hili ndo linaniudhi kuliko yote, onyo linachelewa. R ikiwa kwenye setingi yake ya kuzaliwa haikwambii onyo pale linapotokea, inayakusanya yote mpaka fankisheni kubwa imalize ndo inayamwaga. Yakiwa kumi au chini ya hapo inayaonyesha, yakizidi inakupa idadi tu na kukwambia uite warnings(), na yakifika 50 unapata ile sentensi maarufu "There were 50 or more warnings (use warnings() to see the first 50)". Yani umepiga lupu (kurudia kazi ile ile) ya mafaili mia mbili, imezunguka nusu saa, mwisho inakwambia kulikuwa na shida sehemu fulani. Faili gani? Haisemi. Ukiwa umetumia lapply, fankisheni inayorudia kazi kwa kila kitu kwenye orodha, ndo kabisa, onyo linaanza na "In FUN(X[[i]], ...)", hiyo i ni ya ngapi unajua mwenyewe!

Dawa ipo na ni mstari mmoja, ila hakuna anayekwambia siku ya kwanza. Andika options(warn = 1) juu kabisa ya skripti yako, kuanzia hapo kila onyo linatoka palepale linapozaliwa, ukiweka na cat(), ile ya kuchapa maandishi, yenye jina la faili ndani ya lupu unaona kabisa faili lipi limelalamika. Mi naona hii ingekuwa ndo setingi ya kawaida na sijui kwa nini siyo. Ikishindikana kabisa kulipata weka options(warn = 2), hapo onyo lolote linageuzwa kuwa hitilafu, kazi inasimama papo hapo na utaona maneno "(converted from warning)", halafu unaita traceback() inakuonyesha njia nzima mpaka fankisheni iliyolalamika. Tahadhari moja tu, ita pakeji zako kwanza ndo uweke hiyo 2, maana lile onyo la kwamba pakeji imetengenezwa kwa toleo jipya zaidi la R, ambalo kwa kawaida halina madhara, nalo litageuka hitilafu na library() itagoma.

Sasa tuje kwenye maonyo yenyewe. "NAs introduced by coercion" ni la kila mtu, umelazimisha maneno yawe namba na mengine yamegoma yakageuka NA, yani thamani iliyokosekana. Hili nalipa alama za juu kwa sababu linasema kweli, ila halikuonyeshi ni zipi zilizogoma, kwa hiyo usikisie, ziulize (x ni kolamu yako): x[is.na(as.numeric(x)) & !is.na(x)]. Itatapika zote mbele yako, utakuta "1,200" yenye mkato wa maelfu, utakuta kistari mtu alichoweka badala ya kuacha wazi, utakuta herufi O mahali pa sifuri. Mkato unautoa kwa gsub(), kistari unakitaja kwenye na.strings wakati wa kusoma faili, hiyo O nenda karekebishe kwenye chanzo.

La pili linatuhusu sisi tunaoandika data kwa Kiswahili na sijaona likielezwa. Chukua faili lililotenganishwa kwa tabo, kolamu ya mwisho ni mnyama: mstari wa kwanza ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu kondoo, wa nne ng'ombe. Lisome kwa read.table() ukitaja sep = "\t" tu. Mistari minne inarudi mmoja! Fankisheni hiyo bila kuambiwa vingine inachukulia kile kialama cha ng' kuwa ni alama ya kufungua nukuu, kwa hiyo inameza kila kitu, tabo na mistari mipya humo humo, mpaka ikutane na ng'ombe mwingine ndo inafunga. Mbuzi na kondoo wote wako ndani ya seli moja pamoja na ng'ombe wawili. Na onyo hupati, maana nukuu imefunguliwa na kufungwa vizuri tu. Utabahatika kuonywa ikiwa idadi ya vialama ni witiri, hapo wa mwisho anabaki wazi mpaka faili linaisha na R inasema "EOF within quoted string". Kwa hiyo ukiliona hilo onyo usifikirie ni mwisho wa faili ndo mbovu, kilichopungua kiko katikati na pengine ni mistari mingi. Weka quote = "" ndani ya fankisheni yako au tumia read.csv() na read.delim() ambazo zinatambua alama ya nukuu ya vistari viwili (") tu, na kila ukisoma faili linganisha nrow() na idadi ya mistari unayoijua. Kuna kituko kingine hapo, kile kialama kilichopinda ambacho simu nyingi zinaweka zenyewe hakileti shida hii, kilichonyooka ndo kinaleta, hivyo faili lililojazwa na watu tofauti linaweza kupoteza mistari ya huyu na kuacha ya yule.

Na hilo ndo lalamiko langu kubwa kwa R: inapiga kelele kwa madogo na inanyamaza kwa makubwa. Jumlisha vekta (safu ya thamani) ya namba sita na ya namba nne, itakwambia "longer object length is not a multiple of shorter object length", vizuri, imerudia ile fupi na haikuenea. Jumlisha ya sita na ya mbili, kimya, kwa sababu mbili inaingia kwenye sita bila baki. Sasa mtu anayetaka kuchuja makundi mawili anaandika kundi == c("A","B") badala ya kundi %in% c("A","B"), na kama mistari yake ni shufwa R inalinganisha wa kwanza na A, wa pili na B, wa tatu na A, inarudisha takriban nusu ya waliotakiwa na haisemi neno. Mistari ikiwa witiri ndo unapata onyo. Yani usalama wako unategemea kama umekusanya watu 300 au 301, hii kweli jamani?

Mfano mwingine wa kimya ni as.numeric() juu ya factor, aina ya data ya mafungu. Ukiwa na "10", "20" na "5" zilizohifadhiwa kama factor inakupa 1, 2, 3, yani namba za mafungu badala ya thamani, tena kwa utulivu kabisa. Inabidi upitie as.character() kwanza. Afadhali toka toleo 4.0.0 la mwaka 2020 maneno hayageuzwi factor kiotomatiki ukisoma faili, hiyo ilikuwa balaa la miaka. Na kwenye jedwali la kawaida ukiandika df$um wakati kolamu inaitwa umri inakupa umri bila kuuliza, wakati tibble (jedwali la aina nyingine, la pakeji) itakataa na kukuonya "Unknown or uninitialised column". Hapo tibble nampa ushindi, japo onyo lake hilo lina tabia ya kuibuka tena ukiwa unafanya kitu kingine kabisa ndani ya RStudio, unabaki kujiuliza hii kolamu nimeiita saa ngapi. Ukitaka jedwali la kawaida nalo liongee weka options(warnPartialMatchDollar = TRUE).

Upande wa modeli maonyo ni ya kiwango kingine, na hapa R inafanya kazi nzuri kama unajua lugha yake. Ukipiga glm (modeli ya regresheni) ya ndio na hapana ukapata "fitted probabilities numerically 0 or 1 occurred", mara nyingi maana yake kuna kigezo kinachotenganisha majibu moja kwa moja, mfano kila aliyetumia dawa kapona na kila asiyetumia hakupona. Angalia muhtasari, utaona kigawo kikubwa ajabu na kosa lake sanifu kubwa zaidi, na thamani ya p inakaribia 1, mtu anasoma hapo anasema "dawa haina athari" wakati kilichotokea ni kinyume chake. Piga table() ya kigezo na jibu utaona sifuri zimekaa kwenye pembe. Kuongeza idadi ya mizunguko hakusaidii kitu hapo, tumia njia ya Firth, inayozuia vigawo visilipuke, iliyopo kwenye pakeji za logistf au brglm2, au utafute data zaidi. Kwa lme4, pakeji ya modeli mseto, likija "Model failed to converge" kabla hujabomoa modeli sawazisha kwanza vipimo, ukiwa na umri wa makumi ya miaka na mapato ya mamilioni ya shilingi kwenye modeli moja ni rahisi ilalamike, halafu piga allFit() ijaribu njia zote, zikikubaliana majibu unaweza kupumua. "Chi-squared approximation may be incorrect" ni seli zenye matarajio madogo, nenda fisher.test().

ggplot2, pakeji ya grafu, ilikuwa na lake la uongo kidogo: inasema imeondoa mistari yenye thamani zilizokosekana, unaangalia data hamna NA hata moja, kumbe umeweka ylim() na pointi zilizo nje ya mipaka zimetupwa. Na zikitupwa hata mstari wa mwelekeo unahesabiwa bila hizo, si kwamba zimefichwa tu. Tumia coord_cartesian() ukitaka kuvuta karibu bila kupoteza. Matoleo mapya ya kuanzia 3.5.0 yamerekebisha maneno ya onyo yakataja na mipaka, hilo nawapongeza.

Kuna watu wanashauri uzungushie kila kitu suppressWarnings() ili ripoti itoke safi. Mi siungi mkono, ukizima unazima yote, hata lile ambalo hukulitegemea. Tangu 4.0.0 unaweza kutaja aina ya onyo unayotaka izimwe kwa classes, angalau hiyo, ingawa maonyo mengi ya R ya msingi hayana aina yake maalumu kwa hiyo faida ni ndogo. Na ukitumia tryCatch() kukamata onyo jua kwamba kazi iliyokuwa inaendelea inakatwa pale pale, jibu lake hulipati. Ukitaka onyo liandikwe pembeni na kazi iendelee ni withCallingHandlers(), halafu unamalizia na invokeRestart("muffleWarning"). Majina marefu ila ukishaandika fankisheni yako mara moja unaitumia maisha.

Kwa haki niseme waandaaji wanasikia. Zamani ukimpa if(), ile ya kuuliza sharti, vekta ndefu ilikuwa inachukua ya kwanza na kukuonya tu, kuanzia 4.2.0 ya mwaka 2022 inagoma kabisa, na && (ya kuunganisha masharti mawili) ikafuata kwenye 4.3.0. Skripti nyingi za zamani zilikatika siku watu walipoapdeti, kelele zikawa nyingi, lakini zile skripti zilikuwa zinatoa majibu ya mashaka muda wote huo. Nyota ya tano ninayo mkononi, naisubirisha mpaka wafanye hivyo hivyo kwa == inayorudia vekta fupi kimya kimya.