Kihisi cha pumzi kwenye Cyton: mkanda wa USB nimeuweka kando

Nina bodi ya OpenBCI Cyton, kifaa cha kunasa umeme wa mwili, ile ya chaneli 8, na kwa miezi minne sasa narekodi nayo mapigo ya moyo pamoja na pumzi nikiwa nimelala. Bodi yenyewe sina neno nayo. Inatumia betri 4 za AA na data inasafiri hewani hadi kwenye kompyuta, kwa hiyo hakuna waya unaotoka mwilini kwenda ukutani. Kinga yako yote iko hapo, na mimi nilikaribia kuivunja.

Nilinunua mkanda wa kupima pumzi wa bei rahisi, unaochukua umeme kwenye USB. Nikaunga waya wake wa ardhi na ule wa bodi, elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme wa moyo) zikiwa kifuani, kompyuta iko kwenye chaja. Papo hapo mstari wa moyo ukamezwa na mawimbi ya hezi 50 ya umeme wa ukutani. Nikachomoa chaja, ukatulia. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu: chaja ile ingekuwa mbovu, volti 230 zingepita wapi? Umewahi kugusa ganda la chuma la kompyuta inayochajiwa ukahisi kama sisimizi wanakutambaa? Ni umeme kidogo unaovuja kwenye chaja. Kidole kikavu kinauhimili. Ngozi iliyosuguliwa na kupakwa jeli inaupokea kwa urahisi zaidi. Karatasi ya maelekezo ya mkanda haikugusia hilo hata kwa mstari mmoja, na kwangu hilo ni kosa kubwa.

Sasa natumia themista ya omu 10,000, yaani rezista ambayo ukinzani wake hupungua ikipata joto, ndogo kama punje ya mtama. Inapata volti 3.3 za bodi yenyewe kupitia rezista ya omu 10,000, mguu wa pili uko kwenye ardhi ya bodi, na pale zinapokutana nimetoa waya kwenda pini ya D11. Usithubutu kuingiza volti 5 kwenye pini hiyo. Miguu nimeivisha mpira wa kubana kwa joto, kisha naibandika chini ya pua kwa plasta. Amri ya "/2" inaifanya bodi isome pini za analogi. Ukiitumia, kipimo cha mwendo cha bodi unakikosa.

Nikitoa pumzi mstari unashuka, nikivuta unapanda. Saa nane mchana chini ya bati, hewa ya chumba inakaribia joto la pumzi na wimbi karibu linapotea. Usiku linatoka safi kabisa, ila feni lazima niizime, maana upepo wake nao unaingia kwenye rekodi.