Msimu wa pili wa The Last of Us: umeniliza, kisha ukaniacha njiani

Onyo kwanza: humu nataja nani anakufa, nani anamuua na kwa nini. Kama hujautazama msimu huu na hutaki kuharibiwa uhondo, ishia hapa.

Kwa wasioijua, The Last of Us ni tamthilia ya HBO iliyotokana na gemu la kampuni ya Naughty Dog. Mwaka 2003 kuvu aina ya Cordyceps inawaingia binadamu kichwani, watu wanageuka mazombi na serikali zinaanguka. Katika msimu wa kwanza, wa 2023, Joel (Pedro Pascal), mwanamume aliyefiwa na bintiye, anamsafirisha Ellie (Bella Ramsey), msichana mwenye kinga, hadi hospitali ambako madaktari wako tayari kumpasua ubongo afe, ili wapate dawa. Joel anaua karibu kila anayesimama mbele yake, anamtoa mtoto, kisha anamdanganya kuhusu kilichotokea. Msimu wa pili, uliorushwa kuanzia Aprili hadi Mei 2025, ndio unaokuja kudai deni la siku ile. Miaka mitano imepita. Joel na Ellie wanaishi Jackson, mji mdogo wa Wyoming wenye ukuta, umeme, hata dansi ya mkesha wa mwaka mpya. Na huko nje kuna Abby (Kaitlyn Dever), ambaye baba yake alikuwa daktari wa hospitali ile, na Joel alimuua.

Mimi niliutazama na mpwa wangu aliyemaliza gemu zote mbili, kwa hiyo nilikuwa na mtu pembeni wa kunung'unika kila walipobadilisha kitu. Mara nyingine alikuwa na haki.

Sehemu ya pili, iliyoongozwa na Mark Mylod, ni miongoni mwa vitu bora nilivyowahi kuona kwenye tamthilia yoyote ya mazombi. Abby anateleza kwenye mlima wa theluji na kuliamsha kundi lililokuwa limelala chini ya miili iliyoganda. Anabanwa chini ya uzio wa waya, nyuso zinamkandamiza, na anayemvuta kumwokoa ni Joel mwenyewe, mtu ambaye Abby ametoka mbali kuja kumuua. Wakati huohuo kundi linaishukia Jackson. Watu wanaviringisha mapipa ya mafuta kutoka juu ya mapaa na kuwasha moto, mbwa wanafunguliwa waingie vitani, na Tommy, mdogo wake Joel, anabaki uchochoroni peke yake na mtambo wa kutema moto, mbele yake jitu lililovimba kuvu mwili mzima. Mpwa wangu aliniambia shambulio hilo halimo kabisa kwenye gemu. Wameliongeza wao, na limefaa, kwa sababu kila unapodhani balaa liko mjini, picha inarudi kwenye ile nyumba ya mlimani ambako Abby ameshampiga Joel risasi ya goti na ameshika fimbo ya gofu.

Joel anakufa pale. Nilijua atakufa, na bado nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Kilichonigusa zaidi kinakuja mwanzoni mwa sehemu ya tatu. Tommy (Gabriel Luna) yuko na maiti ya kaka yake juu ya meza, anaiosha. Anaosha taratibu, anamwomba amfikishie salamu Sarah, yule bintiye aliyekufa siku ya kwanza ya janga. Sisi tuliowahi kuingia chumbani kumwosha ndugu tunaijua kazi ile na ukimya wake. Hakuna mtu anayepiga kelele. Laiti msimu mzima ungeiamini hadhira namna hiyo!

Maana hapo ndipo ugonjwa wake ulipo. Msimu huu unazungumza mno. Kila jeraha lina mtu wa kulieleza. Jackson sasa ina mwanasaikolojia, Gail, aliyechezwa na Catherine O'Hara, ambaye Joel anamlipa kwa bangi. Sitaki kumsema vibaya O'Hara. Yule mama ananuka pombe na uchungu na kila tukio lake linachekesha na kuumiza, hasa anapomwambia Joel usoni kwamba hawezi kumsamehe kwa kumuua mume wake, Eugene. Lakini baada ya hapo Gail anageuzwa kuwa mfasiri wetu, wa kutuambia Ellie ni mtu wa namna gani na hasira yake inatoka wapi. Mbona tunaona wenyewe?

Kasoro ya pili ni ya mpangilio, na mpwa wangu aliipigia kelele tangu sehemu ya kwanza. Kwenye gemu hujui Abby ni nani wala anamdai nini Joel mpaka umefika katikati ya hadithi. Unamchukia kwa saa nyingi, kisha unalazimishwa kuingia ndani ya viatu vyake. Tamthilia imeliweka jambo hilo mezani mapema: dakika za mwanzo tunaona makaburi, na sehemu ya pili Abby anamsomea Joel mashtaka yote. Naelewa sababu yao. Mtazamaji wa televisheni hana kidude mkononi cha kumfanya awe Abby, na akisubirishwa miaka miwili ajue kisa, atachoka. Ila gharama yake ni kubwa. Swali la "kwa nini" limekufa mapema, na Ellie anaposafiri hadi Seattle kulipiza kisasi, sisi tunajua anachokifuata kuliko yeye. Inabaki tu kuhesabu nani atauawa lini.

Seattle yenyewe ni nusu nusu. Kuna vita kati ya jeshi la waasi la WLF (Washington Liberation Front) na waumini wenye makovu mashavuni wanaozungumza kwa miluzi, wanaoitwa Maseraphite. Jeffrey Wright anamcheza Isaac, kiongozi wa WLF (ndiye pia aliyempa sauti Isaac kwenye gemu la 2020), na tukio lake la kumtesa mfungwa huku akisimulia mambo ya sufuria za shaba linatisha kwa upole wake. Baada ya hapo anapotea, anarudi mwishoni kidogo, basi. Waumini nao hatuwajui. Katika sehemu ya saba Ellie anatupwa na dhoruba kwenye kisiwa chao, wanataka kumnyonga, baragumu inalia, wanaondoka, naye anarudi kwenye boti kama vile hakukutokea kitu. Ukiliondoa tukio lile, hakuna kinachoharibika, na katika msimu wa sehemu saba huo ni ubadhirifu.

Kuhusu Bella Ramsey: watu wamemsema sana mtandaoni, wengine kwa ubaya, juu ya sura na umbo lake. Mimi naona lawama imekwenda kwa mtu asiyehusika. Mpe tukio la kweli uone. Kule ghorofa ya chini ya hospitali ya Seattle, anapompiga Nora, mwenzake Abby, kwa bomba la chuma chini ya taa nyekundu, uso wake unaganda mpaka unamwogopa. Tatizo ni waandishi, ambao wanamtaka awe muuaji asubuhi na mtoto wa utani jioni. Dina, mpenzi wa Ellie (Isabela Merced, ambaye ana mvuto wa aina yake), anamwambia ana mimba, na Ellie anachangamka kwamba atakuwa baba. Kwenye gemu anajibu kwa ukatili, anamwona Dina mzigo. Ni chungu kulisikia, lakini lile jibu ndilo la mtu aliyekuja kuua.

Mazombi je? Wapo wachache, na wale wachache ni wazuri. Yule zombi wa dukani katika sehemu ya kwanza, anayejificha nyuma ya rafu na kumvizia Ellie badala ya kumkimbilia, alinifanya nivute miguu juu ya kochi. Wameleta pia mbegu za kuvu zinazoelea hewani, jambo ambalo msimu wa kwanza ulilikwepa. Halafu kuna mizizi ya kuvu ndani ya mabomba ya Jackson: tunaonyeshwa kwa mkazo mkubwa, muziki unapanda, na baada ya shambulio hakuna anayeuliza tena habari za mabomba. Fundi wa mji mzima hakuona haja?

Sehemu ya sita imebaki peke yake. Imeongozwa na Neil Druckmann, aliyetunga gemu lenyewe, na inaturudisha kwenye siku za kuzaliwa za Ellie, mwaka baada ya mwaka. Joel anamtengenezea gitaa. Joel anampeleka kwenye jumba la makumbusho, anamkalisha ndani ya chombo cha anga na kumwekea kanda yenye sauti za roketi ikiruka. Ellie anafumba macho, mwanga unapita usoni, na kwa dakika moja hana hofu. Kisha Eugene: ameng'atwa na zombi, anaomba tu amwone mkewe kabla hajageuka, Joel anamwahidi Ellie kuwa atampeleka, na anampiga risasi kando ya ziwa. Anakuja na uongo mtamu kwa mjane, na Ellie anausema ukweli mbele ya watu. Kwa kisa hicho kimoja nilielewa kwa nini Joel na Ellie hawakusemezana, bila Gail kunieleza. Mazungumzo yao ya mwisho barazani, Pascal akilia bila kujificha, nimeyarudia mara kadhaa.

Mwisho wa msimu sikuupenda. Jesse, rafiki yao Ellie na Dina, anapigwa risasi mlangoni, Abby anamwelekezea Ellie bastola, giza, mlio. Halafu tunarudishwa nyuma siku tatu, Seattle, upande wa Abby, na majina yanaanza kupanda kwenye skrini. Hapo si mwisho wa hadithi, ni katikati yake iliyokatwa kwa kisu. Msimu wa tatu ulishaidhinishwa kabla huu haujaanza kurushwa, na ndiyo maana wamejipa uhuru wa kutuacha hivyo.

Msimu wa kwanza niliupa tisa kwa kumi. Huu naupa saba, na mbili kati ya hizo ni za sehemu ya sita. Kama umeshalipia huduma na una bando la kutosha, tazama, usikose ya pili na ya sita. Kama bando lako ni la kubana, subiri wa tatu utoke ndipo uitazame yote kwa mkupuo. Mpwa wangu, pamoja na kunung'unika kwake kote, anasema hivyo pia.