Gundagai, mji mdogo lakini historia yake si ndogo

Wasee wa Nairobi mkienda Australia kuona watu wenu msiishie Sydney tu, chukueni gari mshuke hadi Gundagai. Mji wenyewe ni kitu kidogo kando ya mto Murrumbidgee, barabara kuu moja, duka la mikate, unaumaliza kwa miguu.

Kilichonishika ni ile sanamu ya shaba ya Yarri na Jacky Jacky, Wawiradjuri wawili (Wawiradjuri ni wenyeji asilia wa eneo hilo), iliwekwa 2017. Juni 1852 mto ulifurika usiku watu wakakwama juu ya paa na miti, karibu 80 au zaidi wakafa, na hawa wawili wakawa wanaenda na kurudi kwa maji, Yarri na mtumbwi wa gome la mti, wakaokoa zaidi ya 60. Na Wawiradjuri walikuwa wameonya wazungu wasijenge pale bondeni! Baadaye mji ukahamishwa juu.

Nilisimama hapo nikakumbuka mafuriko ya Mathare, Nairobi, 2024, machozi yakanilenga kweli. Kilichoniuma ni kwamba heshima ya sanamu ilichukua miaka 165.

Nyota tano, ila bebeni sweta, Julai baridi huko inauma kuliko Limuru.